Jirani wa Upande wa Mashariki

Mudy nitamlaumu mpaka nizeeke. Nilimwagiza kibao cha maneno matupu: kwamba mwenye shamba hili, Scola Teodori wa Nakwa, anaomba kibali cha kulaza wageni na kuwapa kifungua kinywa katika nyumba anayoishi, na mwenye pingamizi afike ofisi ya mtaa. Maneno aliyaandika vizuri sana, herufi zimenyooka. Ila chini ikabaki nafasi, na Mudy ni fundi asiyependa kuona nafasi inakaa bure. Akanichorea kitanda chenye mito miwili.

"Hicho sijakutoza, dada," aliniambia akitabasamu. "Zawadi yangu kwako."

Ningefanyaje? Nikakisimamisha kibao kando ya barabara, mbele ya mahindi. Bwana Sankok, afisa mipango miji, alikuwa amenieleza kwamba lazima kisimame hapo watu wakione. Hati ya marehemu baba inasema eneo lile ni la kilimo, na hata kama shamba litabaki shamba, huwezi kufanya vyumba vitatu vya nyumba yako kuwa vya wageni kabla majirani hawajasikilizwa. Basi watu wakakiona. Wakakiona mpaka wale nisiowataka.

Na jirani niliyemhofia kuliko wote alikuwa wa upande wa mashariki, Mama Clemence.

Clemence mwenyewe ndiye ugonjwa wangu. Shamba lao na letu linatenganishwa na ua wa miti ya manyara. Ana mashine ya kukamua alizeti, na shati lake lolote, hata la kanisani, lina harufu ya mafuta mabichi. Sikujua kama harufu hiyo inaweza kumkosesha mwanamke usingizi. Niliporudi kutoka Karatu, nilikofanya kazi miaka mingi katika jiko la hoteli ya watalii, nilikuja kumuuguza baba, sikuja kutafuta mume. Baba akafariki, kaka zangu walioko Dodoma wakaniachia nyumba na shamba, na Clemence akaja kunisaidia kupalilia mbaazi. Alipalilia mstari mmoja mchana kutwa, maana macho yake hayakuwa kwenye jembe. Nami nilimwacha aniangalie. Nilipenda.

Alipomwambia mama yake kwamba anataka kunioa, mama alimjibu kwa sentensi moja iliyozunguka mtaa mzima: "Mwanangu haoi gesti."

Naelewa. Ukitamka neno gesti hapa Babati, hakuna anayefikiria usingizi. Ndiyo maana Clemence alimbembeleza mama yake hadi akakubali kuja kunywa chai kwangu Jumamosi, aone kwa macho yake. Siku hiyo niliamka na kufua hata mapazia yaliyokuwa safi.

Walikuja mchana. Mama Clemence amevaa kitenge kipya na kilemba, amenyooka kama anakwenda kusoma somo la kwanza kanisani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ndipo hapa?"

"Ndipo hapa, Mama. Karibu."

"Asante. Nimekuja kuona, sikuja kula."

Hata hivyo alikula. Alikula viazi vitamu, akanywa chai ya maziwa, akaonja mkate wa maboga niliojifunza kuoka Karatu, akaongeza kipande bila kuniangalia usoni. Kisha akakagua. Alifunua shuka, akanusa mito, akafungua bomba la bafuni na kulifunga, akapitisha kidole juu ya fremu ya dirisha. Mimi namfuata nyuma, nikinyoosha upya kila alichofunua.

"Hao wazungu wako wakishalala hapa wanafanya nini?" aliniuliza tuliporudi barazani.

"Si wazungu tu, Mama. Kuna watu wa Dodoma, wa Dar. Wanataka kupanda mlima Kwaraa, wanataka kuwaona viboko ziwani. Wengine wanataka tu kulala nyumbani kwa mtu, waamke waone mahindi."

"Waamke waone mahindi?" Alishusha kikombe. "Mtu anatoa hela yake kuona mahindi?"

"Anatoa, Mama."

"Basi huko mjini kuna shida kubwa kuliko nilivyodhani."

Clemence alicheka, na mama naye midomo ikamcheza. Clemence akanitazama juu ya kikombe chake, jicho lile la pale kwenye mbaazi, na nikajua anawaza kama mimi: imekubali. Nilisikia raha ikinipanda kifuani hadi nikaogopa.

Ndipo bodaboda ikaingia uani.

Nyuma ya dereva alikaa mwanaume mwenye kofia iliyoshushwa hadi machoni, na nyuma yake mwanamke wa rika langu aliyejifunika mtandio. Mwanaume hakushuka hata.

"Mambo, dada! Tumeona kibao chako. Chumba cha muda mfupi bei gani?"

Mama Clemence alikiweka kikombe juu ya sahani yake taratibu sana.

"Muda mfupi," alisema. "Mimi nina kilemba changu kichwani, mwenyekiti wa jumuiya, nimeketi gesti nakunywa chai."

"Mama, siyo hivyo, naomba nikueleze..."

"Kitanda si kile pale barabarani? Mito miwili! Unieleze nini tena, binti yangu?" Aliinuka. "Chai yako ni nzuri. Asante."

Akashuka ngazi. Clemence akamfuata mbiombio, "Mama, Mama, ngoja," wakapotelea nyuma ya mahindi. Nikabaki na yule mwenye kofia, na hasira zangu zote zikapata pa kwenda.

"Sasa dada, chumba kipo au hakipo?"

"Kaka, mwambie dereva azime hiyo pikipiki unisikie vizuri. Hapa ni nyumbani kwa marehemu baba yangu. Mgeni wangu anaingia mchana kweupe, ananitajia jina lake, analala, anaamka, anakunywa chai na mimi mezani, ananiaga. Kama jina lako linaogopa kusikika, hapa huna chumba, hata ukinipa bei ya nyumba nzima."

"Si umechora mwenyewe kitanda?"

"Nimechora cha kulala watu wasio na aibu ya kuamka!"

"Twende zetu, bwana," yule mwanamke alinong'ona. "Nilikwambia mimi."

Nilimwona machozi yanamlenga, moyo ukanilainika. "Dada, wewe huna kosa kwangu. Siku ukitaka kupumzika peke yako, njoo. Nitakupokea."

Aliinamisha kichwa. "Samahani, dada."

Walipoondoka, Clemence alikuwa anarudi. Peke yake. Uso wake nilizoea kuusoma, na siku hiyo sikupenda kilichoandikwa.

"Mama ameondoka hasemi na mimi," alisema. "Scola, kile kibao kishushwe."

"Kitanda nitakifuta leo leo. Mudy ndiye..."

"Siyo kitanda. Kibao chote. Nenda halmashauri, uwaambie umeghairi."

Nilidhani sikumsikia sawasawa. "Nighairi?"

"Kwa sasa tu. Tufunge ndoa kwanza. Baadaye tutaona."

"Tutaona nini?"

"Kama Mama atakuwa ametulia."

"Na asipotulia?"

Alitazama viatu vyake. Nilimsubiri. Kuku wawili walipita katikati yetu wakaenda zao, na bado hakusema.

"Clemence, huko kunyamaza ndiko kunijibu?"

"Nakupenda. Unajua ninavyokupenda."

"Najua. Na ile siku ya kwanza nilipokupikia, ulisema mikono hii haijaumbwa kukaa bure. Ulisema wewe, sikusema mimi. Sasa unataka nikunje mikono hiyo hiyo nikusubiri?"

"Yule ni mama yangu, Scola. Hana mtu mwingine."

"Mimi sikwambii umwache mama yako! Nimekwambia hivyo lini?"

"Basi nifanyeje? Niko katikati. Naomba uchague. Mimi au hivyo vyumba."

Aliona jinsi nilivyobadilika uso, akataka kunishika mkono, nikaurudisha nyuma.

"Usingesema hivyo," nilimwambia. "Mengine yote ningeyavumilia. Clemence, nakupenda mpaka naumwa. Lakini ukinitaka, nitake na kazi yangu. Mume wa kunifanya niombe ruhusa ya kuishi nyumbani kwa baba yangu simtaki, hata akiwa wewe."

"Ndilo neno lako la mwisho?"

"Ulilitaka wewe."

Aliondoka kwa kupita penye uwazi wa ua, pale tulipozoea kukutana jioni. Nilisimama hadi manyara yalipoacha kutikisika. Kisha nikachukua kopo la rangi nyeupe na brashi, nikaenda barabarani kukifuta kile kitanda, nikilia kwa sauti kama mtoto, na wapita njia wananipa pole wakidhani nimefiwa.

Kibao sikukishusha.

Siku zilizofuata sikumbuki nilikula nini. Asubuhi nasikia mashine ya alizeti inaanza kunguruma upande wa pili, nami nahesabu moyoni kwamba yupo, yu mzima. Jioni moja nilikuwa nachuma mboga, nikainua macho, nikamwona amesimama na gunia begani ananitazama. Amekonda. Nilitaka kukimbia, nivuke ua ule nimwambie nimeghairi yote, achukue vyumba, achukue na shamba. Miguu ilikwishaanza kwenda. Nikaona ameinamisha macho, amegeuka. Miguu ikasimama. Nilirudi jikoni nikapika mboga ile nikaiacha kwenye sufuria.

Kikao cha kusikiliza majirani kilifanyika nje ya ofisi ya mtaa. Mwenyekiti wetu, Mzee Sosthenes, alipanga mabenchi mawili yakitazamana: moja la mwombaji, jingine la majirani. Kwenye benchi langu niliketi peke yangu. Kwenye lile jingine alikaa Baba Gerson, jirani wa magharibi, na kando yake Mama Clemence na kilemba chake. Clemence alisimama nyuma, ameegemea ukuta. Sikumtazama. Ni uongo, nilimtazama.

Bwana Sankok, mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini, alisoma maombi yangu. Akaniuliza maji taka yatakwenda wapi, magari ya wageni yatasimama wapi, na kama nitaendelea kulima. Nilijibu kwamba kama nisipolima wageni watakula nini, watu wakacheka kidogo, nikapumua.

"Majirani mtasema mmoja mmoja," alisema. "Kila mtu awe huru. Ila kama kuna jirani ambaye ni ndugu wa mwombaji, aseme mapema. Maoni yake tutayasikia, lakini hatutamhesabu kama jirani. Atahesabiwa upande wa mwombaji."

Baba Gerson alisimama. Alitaka tu kujua kama wageni watamkanyagia maharage. Nilimwahidi nitaweka njia yenye mawe pembeni. "Basi sina neno," alisema, akakaa.

"Jirani wa mashariki."

Mama Clemence alisimama, akajifunga kitenge upya. Nilijua mama huyu akikataa leo, nimepoteza vyote siku moja: vyumba, na kile kidogo cha Clemence nilichokuwa bado nimekishikilia.

"Mimi siku ile nilitoka kwa huyu binti na hasira," alianza. "Wote mnajua, maana niliwasimulia. Kitu ambacho sikuwasimulia ni kwamba nyumbani sikufika. Goti lilinikamata, nikakaa nyuma ya manyara, mwanangu akidhani nimekwenda. Nikasikia yote."

Watu wakaguna.

"Ndiyo, nilisikiliza! Ua ni wangu pia." Alinyoosha kidole kwangu. "Nilimsikia anamfukuza yule mwanaume wa kofia. Maneno aliyompa, mimi mwaka mzima kwenye jumuiya sijawahi kuyasema yakanyooka vile. Halafu yule mwanamke hakumtukana. Akamwambia njoo upumzike. Nikasema moyoni, huyu binti, baba yake Teodori alimlea."

Macho yalianza kuniwasha.

"Halafu nikamsikia mwanangu." Clemence alitazama chini. "Akamwambia achague. Jamani, nilisikia sauti ya marehemu baba yake. Wengi hapa ni vijana, hamjui. Mimi niliolewa nikiwa na cherehani yangu. Nilikuwa nashona suruali za wanaume wa Nakwa yote, mpaka wa Bagara walikuja. Mume wangu akasema wanaume wanaingia kwake kupimwa viuno, watu wanamsema. Akaniambia nichague. Nikachagua. Cherehani ikauzwa."

Aliitazama mikono yake.

"Alikuwa mume mzuri, simsemi vibaya. Lakini mpaka leo nikiona mtu amevaa suruali iliyoshonwa ovyo, mikono inaniwasha. Hata yako hiyo, afisa. Ulifanyiwa vibaya."

Kikao kizima kikaangua kicheko, Bwana Sankok naye akajitazama mapaja akicheka. Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitiririka.

"Pole, Mama," alisema Bwana Sankok. "Kwa hiyo nikuhesabu kwamba unaridhia?"

"Hapana."

Kicheko kilikatika. Mimi nilishika ubao wa benchi kwa mikono miwili.

"Umesema ndugu wa mwombaji hahesabiwi kama jirani," alisema Mama Clemence. "Basi mimi usinihesabu."

Afisa alipekua karatasi zake. "Mama, mbona sioni undugu wowote kati yenu?"

"Huwezi kuuona. Kuna mtu anauchelewesha." Aligeuka nyuma. "Yule pale ukutani. Njoo hapa, Clemence. Ulimwambia mtoto wa watu maneno ya ovyo kwa ajili yangu, na mimi sikukutuma. Njoo uyaondoe mbele za watu."

Clemence alikuja hadi katikati ya mabenchi. Shati lake lilikuwa na madoa ya mafuta, na ile harufu ikanifikia. Alisema neno ambalo hata mimi sikulisikia.

"Sema kwa sauti!" Baba Gerson alimwambia. "Mashine yako inasikika hadi ziwani, wewe mwenyewe husikiki!"

"Scola," alisema, na safari hii alinitazama sawasawa. "Nilikwambia uchague kwa sababu niliogopa kuchagua mimi. Ulikuwa woga, basi. Toka siku ile sijalala vizuri. Nakutaka na vyumba vyako, na wageni wako, na kibao chako. Ukikubali, mshenga atakwenda kwa kaka zako wiki hii. Usipokubali, nitakuja kukuwekea mawe ya ile njia ya Baba Gerson hata hivyo."

Nilitaka kumkubalia hapo hapo. Lakini nilikuwa nimelia sana juma lile, nikaona haki yangu nimcheleweshe kidogo.

"Wageni wanaamka alfajiri," nilimwambia. "Nikiwa nimechoka, nani atawapikia chai?"

"Mimi."

"Unajua kupika chai, wewe?"

"Hajui," alisema mama yake. "Lakini atajua."

"Na watu wakisema?"

"Watasema na mimi nipo," Clemence alijibu. "Nitakuwa nimesimama mlangoni, wanione."

"Mtume mshenga," nilisema. "Kaka zangu ni wakali, achague maneno."

Sijui nani alianza kupiga vigelegele, ila Mzee Sosthenes alilazimika kugonga meza. Bwana Sankok alisubiri watulie, kisha akasema kwamba kwa alivyosikia, shamba litabaki shamba, mtaa hauna pingamizi, na yeye atapeleka pendekezo la kukubali kwenye kamati. Mimi kazi yangu ni kuomba tu kamati ikae mapema. Akarudi kwenye karatasi yake, kalamu ikasimama hewani.

"Ila hapa nina shida. Jirani wa mashariki nimwandike vipi?"

Mama Clemence alikuwa amekwishaokota mkoba wake. Alivuka ile nafasi iliyotenganisha mabenchi, polepole kwa sababu ya goti, akanigusa bega nisogee. Nilisogea, akaketi kando yangu, akanishika mkono na kuupakata mapajani mwake.

"Andika amehama," alisema.